Mpishi Ilhom na Mkate wa Mkewe

Mtaani kwetu Tutzor, hapa Margilan, ukimuuliza mtoto yeyote ni nani mtu mwema kuliko wote, atakutajia Ilhom mpishi. Hata mimi ningekutajia huyohuyo, mpaka nilipofika miaka hamsini na minne na kuanza kujifunza mambo niliyopaswa kuyajua nikiwa na ishirini. Na msinionee huruma. Nilikuwa mshauri wa wanawake kwenye kamati ya mtaa, kazi niliyopewa kwa sababu nilisifika kwa busara. Busara yenyewe nitawaonyesha.

Ilhom anapika pilau ya harusi. Kwetu pilau hiyo huliwa na wanaume alfajiri, wakitoka msikitini. Watu mia tatu, mia nne, wanakaa, wanakula, wanainua mikono kuomba dua, wanaondoka, na wengine wanakaa mahali pao. Wali ukiharibika, harusi imeharibika, na watu watalisema hilo mpaka wajukuu wa bibi harusi waote ndevu. Ndiyo maana mpishi kwetu ni mtu mkubwa, na Ilhom alikuwa mkubwa kuliko wapishi wote wa bonde hili.

Mngemwona jioni ya kukata karoti. Majirani wanakusanyika uani kwa wenye harusi, kila mwanaume na kisu chake, na Ilhom anapita katikati yao na aproni nyeupe, mashavu mekundu, mikono safi kama ya daktari.

"Mzee Sobir, hiyo karoti unaikata au unaitahiri?" anauliza.

"Wewe mtoto, nilikuwa nakata karoti kabla baba yako hajaota jino!"

"Ndiyo maana zina unene wa jino la babu. Hebu nipe kisu nikufundishe, mzee wangu. Kesho watu wasije wakadhani tumepika kuni."

Watu wanacheka mpaka wanafuta machozi, na Mzee Sobir anacheka kuliko wote. Bakuli la kwanza la pilau Ilhom alilipeleka mwenyewe kwa wajane wa mtaa. Mume wangu alipofariki, Ilhom alibeba jeneza, akawapikia waombolezaji siku tatu, hakutaka hata asante. Nyumbani alifuga kware kwenye kibuyu chenye wavu, kama wanaume wengi wa hapa, lakini Ilhom alimpenda wake kupita kiasi. Alikuwa anaweka punje ya mtama kwenye mdomo wake mwenyewe, kware anaichukua kwa mdomo wake mdogo. Nilikuwa namwona kutoka kwangu, maana ukuta wetu ni mmoja. Nilikuwa najiambia, mwanaume mpole hivi kwa ndege, mkewe si atakuwa anaishi peponi!

Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Nilikuwa nausema msemo huo kila siku, kuhusu watu wengine.

Mkewe ni Oygul. Alikuwa mfumaji kwenye karakana ya hariri, ana miaka ishirini na mitatu, yeye Ilhom thelathini na moja. Alimwona harusini, na siku arobaini baadaye akamwoa. Katika siku hizo arobaini hakukosa hata moja kusimama kwenye lango la karakana na sambusa za moto, akimsubiri. Wasichana wote walimwonea wivu Oygul. Ilhom alitaka kujua anapita njia gani, nani rafiki yake, nani alimchekesha leo. Sisi tuliyaita mapenzi. Kumbe mtu alikuwa anajifunza milango yote ya nyumba kabla ya kuifunga.

Akaanza kuifunga mmoja mmoja, taratibu, na kila mlango ulikuwa na sababu nzuri. Alisema, mke wangu hatahangaika na mtambo wa kufumia, mikono yake ni ya kupumzika. Tulimsifu. Simu mbili za nini kwenye nyumba moja? Tukaona anabana matumizi. Mama yake Oygul kila akija kulitokea neno, mara chai haikumiminwa kwa heshima, mara mama mkwe kanuna, mpaka yule mama akawa anakuja siku ya Idi tu, tena anakaa ukingoni mwa mkeka kama mgeni asiyealikwa. Mwisho hata mkate Ilhom alinunua mwenyewe, ili mkewe asisimame foleni na wanaume. Mtaa mzima wa wanawake tukawachapa waume zetu kwa maneno: mwoneni Ilhom, mwoneni Ilhom!

Mwaka wa tatu Oygul alikuja kamatini. Alifunua gauni upande mmoja, mbavuni, akanionyesha mimi peke yangu, kisha akafunika. Sitaeleza nilichoona.

Tuliwaita wote wawili, ndiyo kawaida. Ilhom alifika kabla ya wakati, kofia mkononi.

"Dada Robiya, nihukumu," alisema, machozi yanamtiririka. "Mimi ni mbwa. Nipigeni. Lakini, kwa haki ya Mungu, mwulizeni na yeye alinijibu nini mbele ya mama yangu."

Tazameni jambo lilivyogeuka. Tukamuuliza. Oygul akasema alijibu kwamba chumvi ilikuwa imetosha.

"Basi, binti yangu," alisema Mzee Ghulom, mwenyekiti wetu, "mwanaume ni mpishi. Unambishia mpishi habari ya chumvi?"

Tulicheka. Na mimi nilicheka. Kisha nikamwambia Oygul maneno tunayowaambia wote, kwamba ugomvi wa mke na mume ni kukauka kwa shela, ukianika sasa hivi imekauka. Nikachukua mkate, nikaumega katikati, nusu nikampa yeye nusu mumewe, wakala mbele yetu, mambo yakaisha. Ilhom alimbusu mama yake mkono akifika nyumbani, na kesho yake Oygul alikuwa na hereni mpya. Aliwaonyesha wanawake wote hereni hizo, kwa sababu Ilhom alimwambia awaonyeshe.

Mara ya pili ilikuwa mkono. Na hapa ndipo penye ile harusi moja ambayo wali uliharibika. Maji yalizidi, pilau ikawa uji, na baba wa bibi harusi, tajiri wa magari kutoka Fergana, alimsimamia Ilhom kichwani mbele ya wanaume mia tatu akamwita mshenzi, mwana wa mshenzi, mlisha ng'ombe. Ilhom akainama, mkono kifuani. "Nisamehe, kaka mkubwa. Kosa ni langu, nikate kichwa." Akatabasamu, akawasha moto mwingine, akapika upya, na wali wa pili ulikuwa mzuri hata yule tajiri akamkumbatia. Saa tatu asubuhi Ilhom alikuwa amerudi nyumbani. Saa nne mkono wa Oygul ulikuwa umevunjika mahali pawili.

"Hasira zilinipanda, dada," aliniambia kamatini. "Mtu akipandwa na hasira anakuwa kipofu. Sikujua ninachofanya."

Nikaandika kwenye karatasi: hasira. Ndipo Oygul, mkono umening'inizwa shingoni kwa bandeji, akafungua mdomo.

"Dada Robiya, nina swali moja tu. Yule tajiri alimtukana yeye na wazazi wake mbele ya watu mia tatu. Mbona pale hasira hazikumpanda?"

Mzee Ghulom alisema chai inapoa. Mimi nikaumega mkate, maana ndiyo kazi niliyokuwa naijua. Lakini swali lile halikuniacha, na tangu siku hiyo nilianza kumtazama Ilhom kwa macho mengine. Nikakuta kwamba kipofu wetu anaona kuliko sisi wote. Hakuwahi kugusa uso, wala mahali ambapo mkono wa gauni haufiki. Akivunja sahani, anavunja za Oygul alizotoka nazo kwao, za mama yake hata moja haikupata ufa. Anafunga dirisha la upande wa barabara kwanza. Na jambo ambalo sitalisahau: kabla ya kuanza, alikuwa anamtoa kware nje, anakitundika kibuyu kwenye mti wa mforosadi wa uani, mbali, ili ndege asishtuke.

Nikimwona kware ametundikwa mchana, nilikuwa najua. Miaka minne nilijua hivyo, kwa kumtazama ndege. Mnaniuliza nilifanya nini? Mara nyingine niligonga ukuta nikaita, "Ilhom, mwanangu, una bizari ya kuniazima?" Akaja mlangoni mwenyewe, mchangamfu, na bizari kwenye kikaratasi. "Chukua yote, dada. Wewe na mimi tunahesabiana?" Askari wa mtaa nilimwambia mara mbili. Alikuwa ameposa, na Ilhom ndiye angempikia pilau ya harusi.

Mimba ya kwanza ilitoka, tukasema ni mapenzi ya Mungu. Ya pili ilipotoka, kware alikuwa amekaa juu ya mforosadi tangu adhuhuri hadi alasiri, na mimi sikumpeleka Oygul kamatini tena. Mara ya tatu ya kumega mkate ningekufa kwa aibu. Nilisubiri siku Ilhom yuko sokoni na mama yake kalala, nikamwambia Oygul juu ya ukuta: "Utaondoka."

"Wapi, dada? Kwa mama yangu atanifuata kabla sijavua viatu."

"Utaenda Termez, kwa dada yangu Sharofat. Ni mbali, ni joto, hakuna anayekwenda huko kwa hiari yake. Siku atakapopika."

Maana hiyo ndiyo kamba pekee iliyomfunga mtu yule: moto ukishawashwa, mpishi haachi sufuria. Tulichagua harusi ya mjukuu wa Mzee Sobir. Ilhom alikwenda kabla ya alfajiri, na hadi saa tatu asingeweza kusogea. Adhana ilipoisha Oygul aliingia kwangu kwa mlango wa nyuma, na gauni moja na viatu vya kuazima. Mwanangu Jasur alikuwa anapasha gari moto ampeleke stesheni.

Na hapo, kwenye kizingiti, nilifanya upumbavu ambao mtu wa mahali pengine popote asingeufanya. Kwetu hakuna anayesafiri bila kuuma mkate. Msafiri anauma kipande kimoja, mkate uliobaki unatundikwa ukutani na kumsubiri, kwa sababu riziki aliyoianza itamwita arudi kuimaliza. Mume wangu aliuma alipokwenda jeshini. Jasur aliuma, na mkate wake ulikaa mwaka mzima kwenye msumari ule. Nikaleta mkate.

"Dada, acha," alisema Oygul. "Mimi sitaki kurudi."

"Hurudi kwake, unarudi kwangu. Siku moja, ukiwa mzima. Uma, mwanangu, usiniondokee bila baraka."

Akauma, kwa kunifurahisha mimi. Kipande kidogo cha duara, alama za meno madogo. Jasur akaondoka naye. Nikautundika mkate kwenye msumari na nikalia kwa furaha, kwa mara ya kwanza tangu nifiwe.

Siku ya nne Ilhom alibisha hodi. Hakuja kwa kelele. Alibeba pilau kwenye bakuli lililofunikwa kitambaa, ndevu hazijanyolewa, macho yamevimba. Ningefanyaje, nimfukuze mtu mwenye chakula mkononi? Alikaa, akalia kwa kwikwi mpaka mke wa Jasur, aliyekuwa analeta chai, naye akafuta macho.

"Niambie tu kama yuko hai, dada. Sitaki kingine. Sitakuuliza yuko wapi. Nikijua yuko hai nitalala."

"Sijui, Ilhom. Mungu atamlinda."

"Amina." Akapangusa uso. Jasur akaingia kusalimia, wakapeana mikono, na Ilhom akauliza kama mtu yeyote mwenye adabu anavyouliza akifika kwa watu: "Nyumbani mko wote, dada? Hakuna aliyesafiri?"

"Tuko wote, alhamdulillah," nikajibu.

Nilijibu kama ninavyojibu kila mgeni tangu nijifunze kusema. Yeye akainua macho, akatazama ukutani nyuma yangu, akayashusha. Akanywa chai yake polepole hadi mwisho. Akaweka kibakuli cha chai chini.

"Na dada yako wa Termez," aliuliza, "hajambo?"

Sikumbuki nilijibu nini. Alipotoka niligeuka, nikauona mkate ulioumwa. Katika nyumba ambayo watu wote wapo, na ndugu wa mbali ni mmoja tu, mtaa mzima unamjua.

Nilimpigia Sharofat palepale, nikamwambia amhamishe. Akasema atamhamishia wapi, yeye mwenyewe ni mke wa watu katika nyumba ya mama mkwe, na kwa nini nahangaika hivyo, lango lao ni la chuma. Alidhani mtu huyo atakuja na shoka. Hata mimi nilidhani hivyo. Heri angekuja na shoka, maana mwenye shoka angefungiwa lango.

Alikuja na kondoo. Alipanda treni ya Toshkent, kisha ya Termez, akafika kwenye mtaa ambao hakumjua mtu, wala hakuomba kuingia kwa Sharofat. Aliazima sufuria kubwa kwa jirani, akachinja, akawasha moto kando ya barabara, mbele ya lango lao, akapikia mtaa mzima. Aliyemuuliza aliambiwa, "Nimemkosea mke wangu, naomba radhi kwa mkono wangu, sina kingine ninachokijua." Siku ya pili wanaume wa mtaa ule walikuwa wanamkatia karoti na kucheka. Siku ya tatu mama mkwe wa Sharofat alikuwa anamwita "mwanangu".

Sharofat alinipigia akiwa amejifungia chooni, ananong'ona.

"Robiya, wamemzunguka Oygul. Mama mkwe wangu anamwambia, wewe una kichaa, mwanaume gani amewahi kumpikia mkewe barabarani? Sisi tungepata hata bakuli moja la namna hiyo!"

"Na wewe umesema nini?"

"Nimesema anampiga. Wakasema, si amekiri? Wakasema mbona hana alama usoni."

"Na Oygul?"

"Amekaa na kiatu kimoja mguuni." Kisha akaniuliza, kwa sauti ambayo bado naisikia: "Amejuaje, Robiya? Oygul anauliza ni wewe uliyemwambia?"

Nilikwenda kwa askari wa mtaa, mara ya tatu. Alinisikiliza vizuri, maana alikuwa ameshaoa na ana furaha. Akaniambia mtu mzima anayerudi kwa mumewe kwa miguu yake hana kosa wala hana kesi.

Walirudi siku ya Ijumaa. Mzee Ghulom aliwapokea kwenye kona kama mahujaji. Kamati ikaandika kwamba nyumba imejengwa upya, na mimi sikusaini, na kutosaini kwangu hakukumsaidia mtu yeyote.

Jumamosi asubuhi, watu wanatoka kununua maziwa, Ilhom akabisha kwangu. Oygul alisimama nyuma yake, mtandio umefungwa chini mpaka karibu na mdomo.

"Dada Robiya, tumekuja kukushukuru," alisema Ilhom kwa sauti ya kusikika barabarani. "Mke wangu anadai mkate wake. Aliuanza hapa, aumalizie hapa."

Nilisema sina mkate. Uongo huo nilichelewa kuusema. Nikamtazama Oygul, nikataka aniambie neno moja, hata tusi.

"Nipe, dada," alisema. Sauti haikuwa na chochote ndani. "Usinizidishie adhabu."

Nikaenda kwenye msumari. Mkate ulikuwa mkavu kama kigae. Kwetu mkate hautolewi kwa mkono mmoja, ni dharau, basi niliutoa kwa mikono miwili. Ilhom aliupokea, akaubusu, akauvunja vipande vidogo vidogo kwenye kiganja chake kisafi, akaanza kumlisha, kipande kimoja kimoja. Aliinamisha kichwa kumsubiri ameze, mpole, kama anavyomsubiri kware. Oygul alitafuna upande mmoja tu wa mdomo. Ule mwingine, chini ya mtandio, ulikuwa umevimba na una rangi ya zambarau ya forosadi iliyoiva. Miaka tisa mtu huyu hakuwahi kugusa uso. Sasa alikuwa ameshajua kwamba hakuna tena mtu wa kumficha alama.

Mzee Sobir alikuwa anapita na debe lake la maziwa. Alisimama, akatabasamu. "Mashallah, wanangu! Mapenzi ndiyo hayo."

Ilhom akapangusa makombo, akainua mikono yake miwili. "Mungu akulipe, dada, kwa kunitunzia mke wangu." Mzee Sobir akaweka debe chini, akainua yake. Oygul akainua yake. Na mikono yangu mimi, iliyofundishwa adabu tangu utotoni, ikapanda yenyewe mpaka usoni, na nikajisikia nikisema pamoja nao: Amina.